Nyumba ya Dawa ya Ndau na Zamu ya Kuugua

Nimeacha kazi katika nyumba ya dawa ya Ndau nikiwa na miaka thelathini, umri ambao wenzangu wengi ndio kwanza wanaanza kuaminiwa na watu. Vidole viwili vya mkono wangu wa kulia havikunjiki tena. Nilijikata nikitumbua jipu la mtu, kidonda kikaingia uchafu. Mimi niliyekuwa nikimhubiria kila mtu habari za kuchemsha kisu, siku hiyo nilikuwa na haraka na kisu sikukichemsha. Basi nimekabidhi ufunguo, na nyinyi wawili mliopokea mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyofanywa. Nadhani mlitaka mwongozo. Mtapata zaidi habari za makosa yangu, maana ndiyo niliyoyaangalia kwa makini kuliko kitu kingine chochote.

Karatasi hizi nimeziandika mara nne. Ya tatu ilikuwa nzuri, lakini ilidondokewa na wino. Ujira sitautaja, haukuwa na sura ya kutajwa. Cheo sikupata, ila mtu mmoja aliniita daktari, naye alikuwa na homa kali. Tena watu wa Ndau wana matamshi yao, nami ni mtu wa Amu. Maneno yao nimeyaandika kama sikio langu lilivyoyapokea. Anayejua zaidi anisahihishe, nami nitakosa raha wiki nzima.

Nilikwenda Ndau nikiwa kijana wa miaka kumi na minane, kufundisha watoto kusoma. Mwaka huo homa iliwachukua watu wengi kisiwani, na daktari wa karibu alikuwa Amu, ambako mgonjwa alifika amepona au hakufika. Baada ya sala ya Ijumaa watu wakakubaliana wawe na nyumba yao wenyewe ya dawa. Hakuna aliyetoka serikalini kuwaambia. Waliijenga kwa kikoa, kama walivyozoea kula. Mnajua kikoa: leo nyumba hii inapika na wote wanakula, kesho nyumba ile. Ndau ina mitaa miwili, Kibla na Pwani, basi wakasema mwezi huu Kibla watatoa samaki wakavu wapelekwe Amu kubadilishwa na dawa, na mwezi ujao Pwani. Nikasikia watu wakisifu jambo hili, nami nikalisifu. Hakuna aliyejiuliza kikoa kitaendaje pale ambapo kinachogawanywa si wali.

Mtaa wa Kibla walileta benchi la kukalia wagonjwa. Mtaa wa Pwani wakaleta benchi refu zaidi. Kibla wakachukua lao wakaliongeza ubao. Chumba kilikuwa kidogo, na kwa muda wa mwezi mmoja mgonjwa aliyetaka kuniona alilazimika kuruka mabenchi mawili, jambo lililowaondoa wale waliokuja kwa maradhi ya miguu. Mwisho nilikata yote mawili kwa msumeno, sawasawa, nikapima kwa uzi. Mitaa yote miwili ilikasirika kwa kiasi kimoja, na hiyo nikaihesabu kuwa kazi yangu ya kwanza iliyofanikiwa.

Walinichagua mimi kwa sababu nilikuwa najua kusoma. Kwa kweli nilijua kusoma hati zetu za Kiarabu tu. Herufi za Kizungu nilijifunza mwenyewe kwenye vibandiko vya chupa na madebe ya mafuta ya taa, na karani mmoja wa forodha ya Amu akanieleza yale niliyoshindwa kuyafungua. Sikuwaambia watu wa Ndau kwamba siku waliyonipa ufunguo nilikuwa naweza kusoma maneno tisa, na moja kati yake lilikuwa mafuta ya taa.

Siku ya kwanza nilifika mapema, nikafagia, nikapanga chupa kwa urefu. Kisha nikaona si sawa, nikazipanga kwa rangi. Bi Esha, mkunga wa kisiwa, akasimama mlangoni. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu, na watu wote wa mitaa miwili walio chini ya miaka ishirini na tano walizaliwa mikononi mwake.

"Wafanyani, mwana wa Amu?"

"Napanga dawa, Bi Esha."

"Mtu alia hapo nde, wewe wapanga dawa?"

"Sijui bado nianze na ipi."

"Amechomwa na taa. Chupa zako hazina kazi naye. Tia maji motoni."

Aliyechomwa alikuwa mvuvi aliyekanyaga yule samaki mpana mwenye mwiba mkiani, na mguu ulikuwa umevimba. Bi Esha alimtumbukiza mguu katika beseni la maji ya moto. Kabla ya hapo aliniambia nitie mkono wangu mimi kwanza, maana mguu uliochomwa hauna akili ya kujua kama unaungua. Liandikeni hilo ukutani: mkono wako kwanza, kisha mguu wake, na maji yawe ya moto kiasi mkono unavyoweza kuvumilia. Mtu yule aliacha kulia kabla maji hayajapoa. Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya mafuta ya mbarika wakati wote ule, nionekane nina shughuli.

Toka siku hiyo Bi Esha akawa mwalimu wangu, ingawa yeye mwenyewe aliiita kazi hiyo adhabu. Alinifundisha kumtazama mgonjwa usoni kabla ya kumtazama kidondani. Alinifundisha kwamba mwenye kupiga kelele sana ana nguvu ya kungoja, na aliyenyamaza ndiye wa kuangaliwa. Alinicheka kila siku. Nilikuwa nikiosha mikono mpaka ngozi inapasuka, kisha nikitia dawa kwenye ngozi iliyopasuka, na yeye akiwaambia wagonjwa, "Ngojeni, tabibu ajitibu kwanza."

Chombo nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa mizani ya sonara, ndogo, ya shaba, niliyopewa na mjomba wangu wa Amu. Kwinini ya unga hupimwa kwa punje. Karani wa forodha aliniambia neno lile la kwenye chupa maana yake ni punje ya nafaka, akaishia hapo, nami sikuuliza zaidi kwa kuogopa kuonekana mjinga. Nikanunua ngano dukani, nikachagua punje nzuri zilizolingana, nikazitia kikoponi. Kila dozi niliipima mara tatu. Hakuna mtu katika visiwa vyote hivi aliyepima kwinini kwa uangalifu kama mimi, na homa za watu zilikuwa zikiondoka Jumatatu na kurudi Alhamisi.

"Dawa yako ina adabu mno," Bi Esha akaniambia. "Hubisha hodi kwa homa, isingie ndani."

Akachukua kikopo changu cha ngano, akamimina punje kiganjani, akapuliza. Zikaruka kama makapi. Zilikuwa zimebunguliwa na wadudu, ganda tupu, na mimi nilikuwa nimepima dawa ya watu kwa maganda muda wa miezi minne. Sikula siku mbili. Siku ya tatu Bi Esha aliniletea uji, akasema kama nataka kufa nife, lakini kwanza nimwoneshe mtu mwingine jinsi ya kufungua kabati. Toka hapo mawe yangu ya mizani ni vipande vya shaba alivyonikatia sonara. Vimo kabatini, rafu ya juu. Msiviguse kwa mkono wenye mafuta.

Sasa nifike kwenye zamu ya kuugua.

Mwezi mmoja Mtaa wa Kibla walipata wagonjwa wanane na Pwani watatu. Asubuhi moja Bwana Lali, mkubwa wa Mtaa wa Pwani, akaja na wanaume watano wenye vifua kama milango. Akawakalisha kwenye benchi lao.

"Hawa watano, Bwana Shee. Watie dawa."

"Wanaumwa nini?"

"Hawaumwi."

"Sasa wapewe dawa ya nini?"

"Kibla wamekula dawa wanane, sisi watatu. Samaki tumetoa sawa. Twataka sawa."

"Bwana Lali, dawa ni ya mgonjwa."

"Kwani kosa letu sisi ni uzima?"

Mmoja wa wale watano akasema, "Mimi nipa ile chungu. Ndugu yangu aliinywa akatapika, akapata nguvu kama punda."

Mtu mwingine angewafukuza. Mimi nilikaa nikafikiri, na hili ndilo linaloniaibisha: niliona wana haki. Nikatafuta dawa isiyokuwa na thamani kubwa, nikawapa haluli, ile chumvi ya kuharisha, kila mmoja kipimo chake, sawasawa kabisa. Siku iliyofuata hakuna hata mmoja kati ya watano aliyeweza kwenda mbali na nyumbani, na Bwana Kombo, mkubwa wa Mtaa wa Kibla, akaja amekunja uso. Pwani, alisema, sasa wana wagonjwa wanane wa dawa na watano wa tumbo, na Kibla wamebaki nyuma.

Kwa sababu hiyo niliandika sharuti. Niliiandika kwa hati nzuri, nikaitundika ukutani, na mtanisamehe nikisema herufi zake zilikuwa zimesimama vizuri kweli. Ilisema kila mtaa utakuwa na chupa yake ya kwinini, yenye muhuri wa nta, na chupa ya mtaa haifunguliwi kwa mtu wa mtaa mwingine pasipo idhini ya mtaa wenye chupa. Watu wakaisifu. Bwana Lali na Bwana Kombo walishikana mikono mbele yangu, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Bi Esha hakujua kusoma, basi nikamsomea.

"Na mgonjwa yumo wapi humo?" akauliza.

Nikasoma tena kutoka mwanzo. Hakuwamo. Nikamwambia mgonjwa anaeleweka.

Kisha vita vya Wazungu vikaanza, na muuza dawa wa Amu akatuambia kwinini imekwenda kwa askari. Tulipata chupa moja tu, na hakujua ya pili itakuja lini. Niliigawa katika chupa mbili kwa mizani mbele ya wakubwa wote wawili, punje kwa punje, na kwa mara ya kwanza maishani nilihisi nimefanya jambo lisilo na kasoro. Nikatia nta, nikafunga uzi mweupe kwa Kibla na mweusi kwa Pwani.

Haukupita mwezi, Bwana Kombo akasema Kibla hawana raha chupa yao kukaa nyumba moja na chupa ya Pwani. Wanataka wagawiwe, kila nyumba iwe na yake sandukuni. Sharuti yangu haikukataza hilo. Nikakunja vikaratasi kwa pembe sawa, kila kimoja na kipimo chake, nikavitawanya. Ilikuwa kazi nzuri, vikaratasi vile. Mtu alisema inasikitisha kuvifungua.

Bi Esha akaanguka na homa baada ya kurudi kuzalisha mwanamke wa shambani. Nilikwenda kumwona baada ya sala ya alfajiri. Alikuwa akitetemeka mpaka kitanda kinalia, lakini macho yalikuwa yake.

"Ni homa ile mbaya," akasema. "Leta dawa, usilete mizani."

Yeye aliolewa Kibla, na mume alikuwa amekwisha kufa. Nikaanza nyumba za Kibla, mlango kwa mlango, nikiomba kikaratasi kimoja. Nyumba ya kwanza walikuwa wameinywa yote ili isiharibike. Ya pili walimpa mbuzi aliyekuwa akikohoa. Ya tatu walishona kwenye hirizi ya mtoto, na mtoto aliingia nayo baharini. Ya nne mvua ilivuja sandukuni. Bwana Kombo mwenyewe alinionesha kikaratasi chake, kimekunjwa vilevile nilivyokikunja, nikashukuru Mungu, nikakifungua. Ndani mlikuwa na chumvi. Mkewe alipenda ile karatasi.

Ikabaki chupa ya Pwani, imejaa, uzi mweusi, muhuri mzima, imo kabatini mwangu, na ufunguo umo mfukoni mwangu. Nilikuwa na hatua sitini kutoka pale hadi kitanda cha Bi Esha. Nilizihesabu zamani, wakati wa kupanga mabenchi. Mimi nikaenda kwa Bwana Lali kuomba idhini.

Bwana Lali hakuwa mtu mbaya. Alinikaribisha, akaita watu wake barazani, akaeleza shauri.

"Bi Esha ni mtu wa Kibla," akasema mmoja. "Aliolewa kuko."

Nikaenda kwa Bwana Kombo awaombe yeye, mtaa kwa mtaa, maana sharuti ilitaka hivyo. Akasema, "Si mtu wetu, mwanangu. Alizaliwa Pwani. Mume amekufa, mwanamke amerudi kwao. Waulize hao Pwani, wao ndio wenye mtu wao."

Nikarudi. Fikirini: hawa ni watu ambao, mke wa mmoja wao anaposhikwa na uchungu, huja kugombania mlangoni kwa Bi Esha, kila mmoja akiapa kwamba ni shangazi yake. Siku hiyo hakuwa shangazi ya mtu. Walibishana juu ya ndoa yake, juu ya baba yake, juu ya kiwanja cha nyumba yake, ambacho kona moja iko Pwani. Mtu mmoja alipendekeza apewe nusu dozi, kwa ajili ya kona. Na mimi nilikuwa nikienda na kurudi baina ya baraza mbili nikipeleka hoja za hawa kwa hawa, kwa uaminifu, bila kuongeza wala kupunguza neno. Sikuwahi kufanya kazi kwa usahihi zaidi.

Adhuhuri ilipita. Mwisho Bwana Lali akasema Pwani wamelainika, lakini shauri haliwezi kukatwa mpaka warudi waliokwenda kuvua, maana nao wana haki yao chupani.

"Watarudi lini?"

"Alasiri. Labda kesho."

Nikasema, "Vyema." Nilisema hivyo, vyema. Nikaenda kumpasha Bi Esha habari kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Hakunijua. Alikuwa akiita watu kwa majina, watoto aliowazalisha, mmoja baada ya mwingine, anawaambia watoke wasiogope. Kutetemeka kulikuwa kumekwisha. Alikuwa mkavu na moto kama chungu.

Nilikimbia hatua sitini zile na nikavunja nta kwa meno. Mizani niliiacha kabatini, na mimi ambaye nilipima kila kitu mara tatu sikupima. Nilikisia. Nikampa nyingi, kisha kwa hofu kwamba nimechelewa nikampa tena kabla ya wakati wake, na tena. Huo ni uzembe, msiuige. Dozi kubwa haifuti saa zilizopotea. Saa zilizopotea ni zangu mimi, si za Bwana Lali wala za Bwana Kombo. Wao walibishana kama watu wanavyobishana. Ufunguo haukuwa kwao.

Homa ilimwachia siku ya nne. Nilikuwa nimekaa chini kando ya kitanda alipofungua macho. Akanitazama midomo.

"Wasema nini?" akauliza.

"Nasema alhamdulillahi."

"Sema kwa nguvu. Masikio yavuma kama ndani ya kombe."

Tulingoja siku, kisha wiki. Mvumo uliisha na kusikia hakukurudi. Kwinini nyingi hufanya hivyo, karani wa forodha aliniambia baadaye. Iko kwenye kibandiko, mstari wa chini, maneno ambayo sikuwahi kujifunza.

Alipoweza kukaa uani watu wakaja kumpa pole, Kibla kwa Pwani, wanaume ukutani na wanawake jamvini. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuomba radhi, nimeyasahihisha, ni mazuri. Nikapiga magoti, nikamsemea sikioni kwa sauti ya chini.

"Sikusikii," akasema.

Nikapandisha sauti kidogo.

"Sikusikii, mwanangu. Piga ukelele."

Basi nikapiga ukelele, uani, mbele ya wote. Nikasema dawa ilikuwapo tangu alfajiri. Ilikuwa kabatini na ufunguo ninao. Nikasema nilingoja idhini. Nikasema Kibla walimpa mbuzi dawa na Pwani walitaka kumpa Bi Esha nusu kwa ajili ya kona, na kwamba walikuwa wakingoja wavuvi warudi, na mimi niliwaambia vyema. Maneno mazuri yote yalinipotea. Bwana Kombo akatazama viatu vyake.

"Nani aliandika sharuti hiyo?" Bi Esha akauliza.

"Mimi!"

"Nasikia hilo," akasema, na mimi sijui mpaka leo kama alisikia kweli au alinisoma midomo. "Kalete chupa. Zote mbili."

Nikazileta. Ya Pwani ilikuwa imebaki chini ya nusu, ya Kibla tupu. Ya Pwani akaing'oa uzi mweusi, akautupa, akanirudishia chupa. Ile tupu ya Kibla akaiinua juani kuona kama ni safi, akamwambia mwanamke aliyekaa karibu ampe mafuta ya nazi, akaanza kuyamimina ndani yake polepole, mafuta yake ya kichwa.

Bwana Lali akasogea mbele, akainama, akasema kwa adabu kubwa na sauti kubwa, "Lakini Bi Esha, ile uliyompa Bwana Shee ni chupa ya Mtaa wa Pwani."

"Sikusikii, Bwana Lali," akasema Bi Esha, na akaendelea kumimina.